Haki za Mnyama Aliyefungwa: Je, Chakula na Maji Vinatosha?

 

Miongoni mwa maswali wanayoulizwa maimamu mara kwa mara, hasa katika miji ya pwani, ni lile la kufuga ndege tunduni. Muulizaji ana kasuku wake barazani, anamlisha, anambadilishia maji, na anataka kujua kama ana dhambi. Jawabu analopewa kwa kawaida ni fupi: madhali unamlisha na kumnywesha, huna dhambi. Jawabu hili lina asili yake katika vitabu vya fiqhi, na hatukusudii kulibatilisha. Lakini tunaona kuwa limekatwa katikati, na sehemu iliyoachwa ndiyo yenye uzito zaidi. Wanavyuoni waliojuzisha jambo hili hawakuweka sharti la chakula na maji peke yake. Waliweka sharti kwamba mwenye kufunga asimamie mahitaji ya aliyefungwa. Basi kasuku anahitaji nini? Na sungura wa watoto, na simba wa bustani ya wanyama, na kima aliyefungwa mnyororo mbele ya duka, wanahitaji nini?

Hadithi ya paka na sababu ya hukumu

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar na Abu Hurayra (r.a.) habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Kila mtoto wa madrasa anaijua hadithi hii, na huenda kule kujulikana kwake ndiko kulikotufanya tuisome kwa haraka. Tukiitazama vizuri, tunakuta kuwa kosa la yule mwanamke limetajwa kwa mambo matatu: alimfungia paka, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini.

Ndugu msomaji, lizingatie jambo la tatu. Ingekuwa kosa ni njaa tu, mambo mawili ya mwanzo yangetosha. Jambo la tatu linatufahamisha deni lilitoka wapi. Paka yule kabla ya kufungiwa alikuwa na njia yake ya riziki. Alikuwa akiwinda, akinusa, akivizia. Mlango ulipofungwa njia ile ilikatika, na aliyeikata akawa mdhamini wa kile alichokikata. Kwa hiyo kanuni inayopatikana hapa ni pana kuliko chakula: kila unachomzuilia mnyama kwa kumfunga, unadaiwa badala yake.

Sasa tujiulize, je, kifungo humzuilia ndege chakula peke yake? Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Umar (r.a.) kuhusu kutawakali, Mtume (s.a.w.) amewapigia mfano ndege, ambao hutoka asubuhi wakiwa na njaa na kurudi jioni matumbo yamejaa. Wanavyuoni wametumia hadithi hii kubainisha kwamba kutawakali si kukaa kitako, kwani ndege haletewi riziki kiotani, hutoka. Sisi tunaongeza kwamba kule kutoka ni sehemu ya maisha aliyoumbiwa. Na katika Suratul An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu sisi. Mwenye kumtoa mmoja katika umma wake na kumweka peke yake kati ya vyuma amemzuilia mambo mengi, na nafaka kiganjani ni sehemu ndogo ya mambo hayo.

Waliyoyasema mafaqihi

Dalili kubwa ya wanaojuzisha ni hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas (r.a.) kwa mama yao Ummu Sulaym. Mtoto huyu alikuwa na kindege chake anachokichezea, na Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiwatembelea akimtania kwa kumuuliza habari za kindege kile. Mwanachuoni wa Kishafii Ibn al-Qass, aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliandika risala nzima juu ya hadithi hii fupi, akatoa humo faida 60, ili kuwajibu watu waliokuwa wakiwakejeli wapokezi wa hadithi kwamba wanapokea mambo yasiyo na faida. Miongoni mwa faida hizo ni kujuzu kumfuga ndege. Hata hivyo, Abu al-Abbas al-Qurtubi, mshereheshaji wa Muslim, amehadharisha kwamba kilichojuzishwa kwa mtoto yule ni kumshika ndege na kujiliwaza naye, ama kumwadhibisha hakukujuzishwa kamwe.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, al-Khatib al-Shirbini na wengineo wamenukuu fatwa ya al-Qaffal. Aliulizwa kuhusu kuwafunga ndege matunduni ili kusikiliza sauti zao, akajibu kuwa yajuzu iwapo mwenyewe atawasimamia kwa yale wanayoyahitaji, kwani hao ni kama mnyama anayefungwa kamba. Hii ndiyo fatwa ambayo majibu mafupi ya leo yanaitegemea. Mahanbali walikuwa wakali zaidi. Ibn Aqil ameeleza kuwa watu wa madhehebu yake walikuchukia kuwafunga ndege kwa ajili ya uimbaji wao, kwa sababu hilo si haja bali ni anasa na majivuno, na kifungo chenyewe ni adhabu. Hata akaona inawezekana ushahidi wa mwenye kuendelea na jambo hilo ukakataliwa mbele ya kadhi. Tofauti hii haishangazi. Al-Qaffal alimtazama ndege kama mbuzi aliyefungwa kamba, naye mbuzi hufunguliwa asubuhi akaenda malishoni. Ibn Aqil alimtazama ndege ambaye hafunguliwi kabisa.

Mwanachuoni aliyelipanua suala hili kuliko wote ni Izzuddin ibn Abdissalam, Sultani wa Wanavyuoni, aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na 1262. Katika kitabu chake cha Qawaid al-Ahkam amezihesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu. Baadhi yake ni zile zinazotarajiwa: kumlisha hata akizeeka au akiugua na asiwe na manufaa tena, na kutombebesha asichokiweza. Lakini ameendelea. Mnyama asiwekwe pamoja na anayemdhuru, awe wa jinsi yake au wa jinsi nyingine, akamvunja au kumpiga pembe. Mahali pake pa kulala na pa kunywea patengenezwe vizuri. Dume na jike wakutanishwe katika msimu wao. Mtoto asichinjwe mbele ya mama yake akiona. Tazama jinsi haki hizi za mwisho zisivyohusiana na tumbo hata kidogo. Zinahusu woga, starehe, wenzake na huzuni. Faqihi aliyefariki katika karne ya 13 aliandika kwamba mnyama ana haki ya kutotishwa na aliye naye zizini, na ana haki ya kukutana na mwenzake.

Kwa upande wa utekelezaji, Shafii, Malik na Ahmad wamesema kwamba kadhi humlazimisha mwenye mnyama kumhudumia, au kumuuza, au kumchinja akiwa ni wa kuliwa. Abu Hanifa aliona kuwa huamrishwa kwa dini yake bila ya kadhi kumlazimisha, ingawa mwanafunzi wake Abu Yusuf amepokewa akiafikiana na jamhuri. Naye al-Mawardi ameliweka katika kazi za muhtasib wa sokoni suala la kuwazuia wenye kuwabebesha wanyama kupita kiasi.

Nyumba ya simba ya Khumarawayh

Tuache vitabu vya fiqhi kidogo tutazame tarikh. Khumarawayh bin Ahmad bin Tulun, aliyetawala Misri hadi alipouawa Damascus mwaka 282 Hijria, sawa na 896, alikuwa mtu wa israfu. Harusi ya binti yake Qatrunnada na khalifa al-Mutadid inatajwa mpaka leo kwa gharama zake. Hatumleti hapa kwa kumsifu. Tunamleta kwa sababu ya simba wake, ambao habari zao ameziandika al-Maqrizi, aliyefariki mwaka 845 Hijria, katika kitabu chake cha al-Khitat.

Anasema kuwa Khumarawayh alijenga nyumba maalumu yenye vyumba vya matao, kila chumba kikimtosha simba na jike lake. Milango yake ilifunguliwa kutoka juu kwa mtambo. Pembeni ya kila chumba palikuwa na birika la marumaru lililoingiziwa maji kwa mfereji wa shaba. Mbele ya vyumba palikuwa na ua mpana uliotandikwa mchanga, na birika kubwa upande mmoja. Mtunzaji alipotaka kusafisha, aliinua mlango kutoka juu na kumpigia simba ukelele; simba akatoka uani, mlango ukashushwa, ndipo mtu yule akaingia kwa tundu dogo, akafagia, akabadilisha mchanga, akakata nyama na kuiweka mahali pake, akaosha birika na kulijaza maji. Kisha mlango uliinuliwa tena, na simba, ambaye amekwisha kuujua utaratibu, akaingia mwenyewe kula. Na kulikuwa na nyakati ambapo vyumba vyote vilifunguliwa, simba wakatoka uani wakatembea, wakacheza na kukumbana wao kwa wao tangu asubuhi mpaka jioni. Jioni watunzaji walipiga ukelele, na kila simba akarudi chumbani kwake bila kuingia cha mwenzake.

Miongoni mwao alikuwemo mmoja mwenye macho ya buluu aliyeitwa Zurayq. Huyu alizoeana na Khumarawayh hata akawa anatembea huru ndani ya jumba, akilala mbele ya bwana wake kumlinda usingizini. Khumarawayh alipouawa Damascus, Zurayq alikuwa Misri.

Anayeifahamu kazi ya bustani za wanyama za leo atashangaa. Mlango unaofungwa kwa mbali ili mtunzaji na mnyama wasikutane, mnyama kufundishwa kuhama kwa sauti badala ya kupigwa kwa fimbo, mchanga unaobadilishwa, jozi badala ya upweke, ua wa pamoja wa kuchezea: haya yote ndiyo yanayofundishwa sasa kwa wanaosomea kazi hiyo. Hatudai kwamba Misri ndiyo iliyowafundisha Wazungu. Tunachosema ni kwamba mtu mwenye akili akimwangalia mnyama kwa muda wa kutosha, huyafikia mambo haya.

Waliyoyagundua watafiti wa zama hizi

Huko Ulaya, Heini Hediger, Mswisi aliyesimamia bustani za wanyama za Bern, Basel na Zurich, alitoa mwaka 1942 kitabu kilichobadilisha fikra za watu wa kazi hiyo. Alieleza kwamba ukubwa wa kizimba si jambo pekee. La muhimu pia ni kilichomo ndani yake na kile mnyama anachoweza kukifanya humo. Mnyama asiye na la kufanya huzua la kufanya: chui hutembea mstari uleule huku na huko kutwa nzima, dubu hutikisa kichwa, kima hujing'ata mkono. Mwaka 2003 watafiti Ros Clubb na Georgia Mason walionyesha kwamba wanyama wala nyama ambao porini huzunguka maeneo makubwa zaidi, kama dubu wa barafu, ndio wanaotembea mstari huo zaidi wakifungwa, na watoto wao hufa kwa wingi zaidi. Huko Marekani, marekebisho ya sheria ya mwaka 1985 yaliwalazimisha wanaofuga nyani na sokwe kwa utafiti kuwapa mazingira yenye kulinda afya ya nafsi zao, mbali ya miili.

Utafiti mmoja unatugusa zaidi kwa sababu ya yale tuliyoyasema juu ya kutoka kwa ndege. Mwaka 1963 Glen Jensen alitoa matokeo ya jaribio juu ya panya. Panya waliwekewa chakula cha bure chomboni, na pembeni kulikuwa na kitufe ambacho wakikibonyeza hupata chakula kilekile. Wengi waliendelea kubonyeza ilhali cha bure kipo. Baada yake jambo hilo limeonekana kwa wanyama wengine wengi. Maana yake ni kwamba kutafuta kwenyewe kuna ladha kwa mnyama, mbali ya kile kinachopatikana. Anayemjazia ndege kikombe cha mtama na kwenda zake amemlipa nusu ya deni.

Kasuku wa barazani

Turudi kwa muulizaji wetu. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu asili yake ni misitu inayoanzia Afrika Magharibi, ikapita Congo na Uganda hadi magharibi ya Kenya na kaskazini magharibi ya Tanzania. Porini hulala kwa makundi makubwa, huruka masafa marefu kutafuta matunda, hutafuna mbao na magome. Akili yake si ya mchezo: kasuku aliyeitwa Alex, aliyefundishwa na Irene Pepperberg huko Marekani kwa miaka 30 hadi alipokufa mwaka 2007, aliweza kutaja rangi, maumbo na idadi ya vitu. Kiumbe wa namna hii anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Mfikirie amekaa miaka yote hiyo juu ya kijiti kimoja, akilitazama ukuta lilelile.

Mara nyingi ndege huyo huanza kujinyonyoa manyoya mpaka kifua kinabaki ngozi tupu. Wenyewe husema ana wadudu. Huenda ni kweli, na apelekwe kwa daktari wa mifugo. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis walionyesha mwaka 2003, kwa kasuku wa Amerika Kusini, kwamba ndege waliopewa vitu vya kutafuna na chakula cha kukitafuta kwa jitihada walijinyonyoa kidogo kuliko wenzao waliokaa katika matundu matupu, na waliokwisha kuanza walipopewa vitu hivyo manyoya yao yalirudi kuwa mazuri. Kwa mtazamo wetu, hapa hukumu inakuwa wazi. Kujinyonyoa kwa sababu ya upweke ni madhara ya mwilini yanayoonekana kwa macho, na madhara huondolewa. Ikiwa yanaondoka kwa matawi na muda wa mwenye ndege, basi matawi na muda huo vimeingia katika yale "anayoyahitaji" aliyoyashurutisha al-Qaffal.

Gharama yenyewe si kubwa. Tawi bichi la mpera hutafunwa na kuchezewa siku nzima. Mahindi yapewe yakiwa katika gunzi, na baadhi ya chakula kifichwe ndani ya kifuu cha nazi au kifungwe katika karatasi safi ili akipasue. Vijiti vya kusimamia viwe vya unene mbalimbali. Tundu limtoshe kunyoosha mbawa zote mbili na kupiga, na kila siku atolewe nje yake akiwa chumbani, madirisha yamefungwa. Anyunyiziwe maji aoge. Asipewe parachichi, kwani ni sumu kwake. Na kubwa kuliko yote, asiachwe peke yake kutwa. Asiyeweza kuwa naye amtafutie mwenzake, na asiyeweza moja kati ya hayo mawili asimnunue.

Kuhusu kumnunua kuna suala jingine. Kwa uamuzi wa mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, kasuku huyu aliingizwa katika orodha ya viumbe wanaolindwa zaidi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imekatazwa. Wengi katika wanaokamatwa hufa njiani. Mnunuzi hawezi kujitenga na mlolongo huo kwa kusema kuwa yeye alimkuta sokoni.

Ama kima wa mnyororo mbele ya duka, ambaye hana mwenzake, hana pa kupanda, na watoto humtupia maganda wakicheka, hatuoni njia ya kujuzisha kumweka katika hali hiyo hata akishiba.

Kumshika na kumzoesha

Mkono wa mtunzaji nao una hukumu zake. Katika Sunan ya Abu Dawud, Abdullah bin Jaafar (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia katika shamba la mmoja wa Ansari, na ngamia alipomwona akalia na machozi yakamtoka. Kitu cha kwanza alichokifanya Mtume kilikuwa ni kumwendea ngamia na kumpangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Baada ya hapo ndipo alipouliza mwenyewe ni nani, akamkemea kwa kumtia njaa na kumchosha. Na Muslim amepokea kwamba Bibi Aisha (r.a.) alipanda ngamia mgumu akawa anamrudisha huku na huko kwa nguvu, Mtume (s.a.w.) akamwamrisha upole. Ngamia yule alikuwa mkaidi kweli. Amri ya upole ilikuja pamoja na ukaidi wake.

Upole huu hauzuii mafunzo. Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya 4, imehalalisha windo la wanyama waliofundishwa, na mafaqihi wameeleza alama za aliyefundishwa: akitumwa huenda, akizuiwa huacha, na hayo yakakariri mpaka ikajulikana kuwa ni ada yake. Warabu wa Ghuba mpaka leo humzoesha kozi kwa kumbeba mkononi kila siku juu ya glavu, kumfunika macho kwa kofia ya ngozi ili asitishike, na kumlisha kwa mkono, kisha humrusha. Kozi ni mfungwa, lakini ni mfungwa anayeruka. Katika bustani za wanyama zilizo bora, simba na nyani hufundishwa kwa vipande vya chakula kusogeza ubavu au mkono kwenye nondo ili wachomwe sindano, bila nyavu wala marungu. Kumkimbiza mnyama na kumbana kila anapohitaji dawa ni kumtesa pale ambapo njia nyingine ipo.

Yamebaki masuala ya mwenye kusoma haya na kutaka kuufungua mlango wa tundu leo hii. Tunamwambia asubiri. Wanavyuoni wa Kishafii wamesema kwamba haijuzu kumwachia ovyo mnyama unayemmiliki, kwa kufanana kwake na ada ya Jahiliya ya kuwaachilia wanyama, wakamvua katika hilo mzazi aliyewindwa ambaye makinda yake yanahofiwa kufa. Ndege aliyekulia tunduni hajui kutafuta, hamjui kipanga, na akiachiwa mjini hafiki jioni. Basi aulizwe mtu wa idara ya wanyamapori kama kuna kituo kinachowapokea na kuwazoesha upya. Ikiwa hakuna, abaki naye, amtengenezee tundu pana, na aanze na tawi la mpera. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.